Mkuyu Usiofungwa Mbuzi

Mama,

Mzinga wako haukuchomwa. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla ya habari za watoto, na kabla ya kuniuliza mimi kama nimekula. Haukuchomwa. Asubuhi hii nyuki wanaingia na kutoka kama watu siku ya gulio. Watoto hawajambo. Mimi nimekula.

Sijui barua ya marehemu hupelekwa wapi. Mchungaji anasema umelala na husikii kitu. Wazee wa ukoo wanasema unasikia kila kitu, hata tunayonong'ona jikoni. Mimi nimeamua kuandika. Kama mchungaji amekosea, utasoma. Kama wazee ndio waliokosea, basi angalau nitakuwa nimepumua, maana nimebana pumzi tangu siku tuliyokuzika, na sasa ndiyo naiachia.

Nikusimulie siku yenyewe. Ulikuwepo, lakini ulikuwa umefunikwa.

Aliyesimamia mambo ya nje alikuwa mzee Marwa, shemeji yako, mdogo wake marehemu mume wako. Unamjua. Nyumba isiyo na mwanaume, kila mwanaume anayeingia anakuwa mwenye nyumba. Alikuja na vijana wake kutoka Kewanja, wakakodi turubai, jenereta na yale maspika makubwa ya kwenye harusi, akaanza kuelekeza kwa fimbo. Hapa wageni, pale wapishi, na viongozi wakae nyuma ya nyumba chini ya mkuyu, kuna kivuli kizuri.

Chini ya mkuyu, Mama!

Mkuyu wenye mzinga wako wa kwanza, ule wa gogo, ambao nyuki waliingia wenyewe bila kuitwa, ukasema mgeni aliyekuja mwenyewe hahamishwi. Mizinga mingine yote uliitundika mbali, kule mtoni. Huu tu ndio ulikaa na sisi. Uliuzungushia miba chini, na kila mtoto wa nyumba hii alijifunza sheria yake kabla hajajua kufunga kamba za viatu: mti ule haufungwi hata mbuzi. Sasa vijana wa Kewanja wangejuaje? Waliondoa miba ili wapate nafasi. Wakafunga kamba ya turubai kwenye shina, wakavuta mpaka matawi yakalia. Jenereta wakaificha nyuma ya shina hilohilo, ili isiwapigie wageni kelele. Spika wakaisimamisha mbele yake. Kisha akina mama wa kwaya wakaja na beberu wa rambirambi, wakatafuta pa kumfunga, wakaona mti.

Mimi sikuona chochote kati ya hayo. Nilikuwa ndani na wewe. Walipokutoa kwa ajili ya ibada, akina mama wakanikalisha wakasema nipumzike kwanza. Kwa hiyo mambo yote niliyasikia kwa spika, kama mtu anayesikiliza mpira redioni.

Nyuki wako walivumilia, nakuapia. Walivumilia mapambio. Walivumilia salamu za jumuiya, za majirani, na za yule mgombea ambaye hata jina lako alilikosea. Ndipo mzee Marwa akasimama kutoa neno la ukoo. Alikuwa amevaa lile koti lake jeusi la sufu, jua lote lile, na amejipulizia marashi ya Sirari, yale ambayo mtu unayapokea kabla hujampokea yeye. Kipaza sauti kikapiga yowe. Halafu nikamsikia vizuri kabisa:

"Huyu shemeji yangu nimemtunza kama mama yangu mzazi. Hata mipaka ya shamba lake nimeilinda kwa mkono wangu huu."

Hakumaliza. Nilichosikia baada ya hapo ni viti. Viti, na mtu mzima akimwita mama yake kwa Kikurya.

Mchungaji alipita mlangoni kwetu Biblia ikiwa juu ya kichwa. Mgombea aliingia chini ya lori la viti. Nilipochungulia, uwanja ulikuwa mtupu. Ulibaki peke yako pale kwenye meza, wewe na nyuki wako, na spika inavuma. Nilicheka, Mama. Mungu anisamehe, nilicheka huku machozi yananitoka, kwa sababu niliona ungependa. Siku zote ulisema misiba yetu ina maneno mengi.

Nikachukua bomba la moshi, nikatia samadi kavu kama ulivyonifundisha, nikatoka taratibu. Kwanza nilizima jenereta. Kisha nikakata kamba ya turubai kwa panga. Kisha nikawafukizia, kidogo, polepole, nikiongea nao kama ulivyokuwa ukiongea nao, ingawa ulisema mwenyewe kwamba hawasikii maneno, ni wewe tu unayetulia. Jua lilipopoa walikuwa wamerudi ndani, na watu wakarudi mmojammoja, na tukakuzika. Neno la ukoo halikumaliziwa.

Kabla ya giza nilifagia. Nyuki waliokufa walijaa chini kama mtama uliomwagika. Nilikumbuka siku zangu za kwanza kwako, nilipoumwa mkono nikataka kulia, ukauchukua mkono wangu ukakwangua mwiba kwa ukucha, ukanionyesha utumbo wa nyuki umebaki pale pale. "Wewe utavimba leo, kesho umepona," ukasema. "Yeye amekufa. Usidhani alipenda." Watu hudhani nyuki ni mkali. Nyuki akichoma amelipa kwa uhai wake, ndiyo maana hachomi ovyo. Niliwafagia wote nikawamwaga kwenye migomba.

Laiti ingeishia hapo ingekuwa hadithi ya kuchekesha tu.

Mzee Marwa alipelekwa zahanati, na kutoka zahanati hospitali, uso umevimba hata macho hayaonekani. Alipona, usiwe na wasiwasi. Lakini kabla hata hajarudi, maneno yalikuwa yameshafika Kemambo kwetu, na nadhani mpaka kwa ndugu wa upande wa Kenya. Nyuki wa kutumwa. Unajua watu wetu wanavyoamini: ukiibiwa, unakwenda kwa mtaalamu, nyuki wanatumwa, wanamfuata mwizi sokoni katikati ya watu mia na wanatua kwake. Na hapa mtu alikuwa ametaja mipaka kwa mdomo wake, mbele ya maiti, na nyuki wakatua kwake. Nani angesadiki kwamba ni jenereta?

Maana mimi na wewe tulijua. Ulipokuwa umelazwa Tarime, mikonge ya mpaka kule mtoni ilihama. Ilihama na kuchukua kipande chote chenye migunga, pamoja na mizinga yako. Uliporudi ulisimama pale umeegemea fimbo, ukaitazama, ukasema, "Ghati, mkonge hautembei." Hukuwa na nguvu ya kesi. Lakini nilikuona usiku huo unaugeukia ukuta, na najua ulikuwa unafikiria nini. Ulinioa kwa ng'ombe wako mwenyewe, kwa desturi yetu ya nyumba ntobhu, mwanamke kumwoa mwanamke amzalie watoto, ili nyumba ya mume wako aliyekufa bila mtoto wa kiume isifungwe. Watu walicheka wanawake wawili watalinda nini. Nami sikuwa na mume, nilikuwa na wewe. Ulikufa ukiogopa kwamba Mwita wetu akikua atakuta nyumba na hana shamba. Hilo ndilo lililonifanya nibane pumzi.

Basi sikia. Mzee Marwa hakuwa hata na macho ya kuonea, akamtuma mke wake, mama Wankuru. Alisimama mlangoni kwangu, hataki kukaa, akasema mzee amekiri kwamba alihamisha mikonge, anaomba marehemu amwachie, na vijana wameshakwenda kuirudisha. Nilikimbia kwenda kuona. Ni kweli. Mikonge ilikuwa imepandwa palepale pa zamani, na udongo bado mbichi.

Nilifurahi, Mama, sitakuficha. Nilikaa chini kwenye majani nikalia kwa furaha, nikasema nyuki wamefanya kazi ambayo mahakama isingefanya. Nikanyamaza. Na nani angesema mimi ni mjinga kwa kunyamaza?

Lakini uongo huwa hauji peke yake, huja na jamaa zake. Akina mama waliokuwa wakiazima kinu changu hawakuja tena kukiazima. Vijana wa mgodini waliokuwa wakija kwa asali wakawa wanapita barabara ya juu. Mtoto wetu Robi akarudi kutoka shule ananiuliza, "Mama, bibi alikuwa mchawi?" Halafu wazee wa ukoo wakakaa kikao, wakasema nyumba yako, nyumba ya Nyangi, ina nyuki wa dawa, leo wamemchoma Marwa, kesho watatumwa kwa nani? Mzee mmoja akasema, "Lisemwalo lipo." Wakakubaliana mzinga wa mkuyu umwagiwe petroli uchomwe, na baada ya huo ile mingine ya mtoni, mmoja baada ya mwingine, ili ukoo usafike.

Hapo ndipo nilipokaa kwenye kile kigoda chako na kufikiri kama ambavyo sijawahi kufikiri. Nikinyamaza, shamba limerudi, lakini nyuki wanachomwa na jina lako linabaki la mchawi. Nikisema kweli, kwamba ni kamba na jenereta na koti la sufu, basi mzee Marwa hana tena cha kumwogopesha. Kesho mikonge itatembea tena. Na mimi ni mwanamke, mwanangu bado yuko shule.

Nilijaribu kukuuliza. Hukunijibu, ila mambo yako yalianza kunijia, moja baada ya jingine, bila mpangilio.

Nilikumbuka walivyosema mwanamke akipanda mti wa mizinga nyuki watahama, nawe ulikuwa umevaa suruali ya marehemu mume wako chini ya sketi, umeshafika juu. Ulijibu kutoka kwenye tawi: "Hao wote wanaotoka kwenda kutafuta chakula ni wanawake. Mwanamke mwenzao wamkimbie kwa nini? Dume lao halina hata mwiba!"

Nilikumbuka Robi alipozaliwa, mama yangu mzazi akaja na kidole kimechovywa asali amlambishe mtoto, awe na maneno matamu. Wewe, mwenye asali, ndiwe uliyemshika mkono. "Hapana, mkwe. Asali si ya mtoto ambaye hajatimiza mwaka, inaweza kumwua." Alinuna. Alidhani una choyo.

Nilikumbuka kaka yangu wa kule Serengeti alipokuja kuomba mizinga aizungushie mahindi yake, eti tembo akitoka hifadhini akigusa waya, nyuki wamtokee. Ulimpa, kwa sababu njaa ni njaa. Lakini ulimwambia, "Uwawekee maji karibu, na usivune yote. Umewafanya askari bila kuwauliza, angalau wape chakula cha askari."

Na nilikumbuka Robi alipokua kidogo, anakutazama unakata masega, akakuuliza kwa ile sauti yake ya kipolisi, "Bibi, si tunawaibia?" Nilidhani utamkemea. Ulisimama na kisu mkononi ukafikiri.

"Tunawaibia," ukasema. "Ndiyo maana tunachukua kwa aibu."

Kuchukua kwa aibu. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba hiyo ndiyo ilikuwa kazi yako yote. Wenzako walikwenda na mienge ya moto, wakachoma nyuki na watoto wao, wakakamua masega pamoja na majana, wale watoto wa nyuki, wakaacha gogo jeusi. Wewe ulikata upande mmoja, ukaacha upande mwingine, na msimu wa ukame hukukata kabisa hata mteja alie. "Watu husema fuata nyuki ule asali," uliniambia mara nyingi. "Hakuna anayeuliza nyuki atakula nini."

Lakini lililonikaba ni neno moja dogo. Kuna mwanamke alikuja kwako kwa siri, ameibiwa kuku, anataka umtumie nyuki. Alileta na zawadi. Ulimrudishia zawadi yake ukamwambia, "Mwanangu, nyuki hana hukumu. Ana nyumba. Ukiigusa anachoma, usipoigusa hakujui, hata uwe mwizi wa ng'ombe." Ungeweza kuwa tajiri kwa nyuki wa kutumwa, Mama. Ungeogopwa mpaka Sirari. Ulikataa ukiwa hai, sasa mimi nikufanye mganga ukiwa umekufa, kwa sababu ya kipande cha shamba?

Nikajifunga khanga nikaenda kwa mzee Marwa.

Unajua ilivyo ngumu. Yeye kwangu ni mkwe, siwezi kumkazia macho wala kukaa naye penye kivuli kimoja. Nilikaa mlangoni mwa jiko nimempa bega, mama Wankuru akiwa katikati yetu anachambua mboga, na yeye uani kwenye kiti chake, na maneno yangu nikawa nayapeleka kwa mama Wankuru, kama tunavyofanya. Lile koti jeusi lilikuwa limeanikwa kwenye kamba. Nikamwomba mama Wankuru alilete. Tukaligeuza. Mabegani lilikuwa limejaa vitu vidogo vyeupe, miiba, imenasa kwenye sufu kama mbegu za magugu.

"Mwambie mzee," nikasema, "nyuki haoni shati jeupe kama anavyoona koti la manyoya jeusi. Anadhani ni mnyama amekuja kumvunjia. Na akichoma mmoja, anaacha harufu ya ndizi mbivu inayowaita wenzake, ndiyo maana walimwandama. Na kipaza sauti, na jenereta, na kamba iliyotikisa mti. Angesimama mchungaji pale na koti lile, angechomwa mchungaji."

Mzee hakumsubiri mke wake anipelekee maneno. Aliruka moja kwa moja. "Ghati, mimi unanifanya mtoto? Walinijia mimi! Nilipotaja mpaka, wakanijia mimi!"

Ndipo mdomo wangu, ambao wewe ulisema siku moja utaniponza, ukasema wenyewe:

"Na yule beberu wa kwaya, aliyekufa pale pale chini ya mti. Yeye naye alihamisha mpaka wa nani?"

Mama Wankuru aliinamia mboga, mabega yakaanza kumtikisika. Nikajua nimekwisha. Halafu nikasikia sauti ambayo sikuitegemea, mzee Marwa anacheka. Anacheka na uso bado umevimba upande mmoja, anajishika shavu, "Wewe, wewe, usinichekeshe, naumia."

Kuku walipita kati yetu. Kisha mzee akauliza, taratibu:

"Kwa hiyo hawakujua?"

"Hawakujua, Baba."

"Na Nyangi? Yeye alijua?"

"Alijua. Alisimama pale akaitazama."

"Akasema nini?"

"Alisema mkonge hautembei."

Nilimsikia anavuta pumzi. Nilikuwa nimeshampa kila kitu, na yeye sasa alikuwa mtu huru. Angeweza kusimama pale pale akawaita vijana wake. Alisema, "Afadhali ingekuwa nyuki. Kama ni nyuki, ningesema nimeshindwa na dawa. Sasa nani kanishinda?" Mama Wankuru aliendelea kuchambua mboga. Mwishowe mzee akasema, kwa sauti ya kukasirika, ila hakunikasirikia mimi: "Mikonge imeshashika. Mtu hang'oi mkonge ulioshika. Iache ilipo."

Nilirudi nyumbani miguu haigusi chini. Njiani niliimba, tena mapambio yaleyale, mpaka mtu mmoja akanitazama akadhani nimechanganyikiwa na msiba.

Na kwa wazee alikwenda yeye. Sikuwepo, wanawake hatukai kwenye kikao kile, lakini mama Wankuru alinisimulia. Mzee alisimama na lile koti mkononi, akawageuzia mabega waone miiba. Akasema alihamisha mpaka, akasema pia kwamba nyuki hawakuwa na habari ya mpaka, na kwamba atakayepeleka petroli kwenye mkuyu ule aanze na yeye. Yule mzee wa "lisemwalo lipo" akataka kubisha. Inasemekana mzee Marwa alimwuliza habari za beberu. Mambo yakaishia hapo.

Siwezi kukwambia kwamba watu wote wamesadiki. Wapo ambao mpaka leo wakipita mkuyu hushika mifuko yao kama waliochukua cha mtu. Waache. Lakini kinu kimeanza kuazimwa tena, na Robi ameacha kuniuliza. Juzi nilimsikia anamfundisha mwenzake kwamba bibi yake alikuwa mfugaji, si mganga, na kwamba nyuki hana hukumu. Alisema hivyo kwa sauti ya kipolisi.

Nimevuna, Mama. Nilisubiri maua ya migunga yapite na masega yafungwe kwa nta kama ulivyotaka. Niliivaa mimi ile suruali chini ya sketi. Nilipanda jioni, moshi kidogo, na hukuwa chini kuniambia "taratibu, hao si maharage." Nilikata upande mmoja. Upande wa pili nikautazama, umejaa, mweupe, mzito, na hapo chini kulikuwa na watu wanaongoja asali. Nikaufunika nikashuka. Niliona aibu ile uliyosema, na ilinipendeza kuwa nayo.

Chupa ya kwanza nilimpelekea mzee Marwa. Siku za baridi zilipoingia, mama Wankuru akaja nayo, ameishika kwa vidole viwili. Asali imeganda nusu chupa. Akaniambia kwa upole, hataki kuniumiza, "Mzee anasema umetia sukari."

Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Mtu amejua koti, amejua harufu ya ndizi, amejua jenereta, lakini asali ikiganda ni sukari! Nikaiweka chupa juani kama ulivyokuwa ukiwafanyia wale vijana wa mgodini, tukakaa tukaiangalia inalainika, tukinywa chai. Mama Wankuru alirudi nayo inang'aa. Kwa hiyo kazi yako haijaisha, imehamia kwangu, na itanichukua miaka.

Sasa nikwambie la jana, kisha nikuache upumzike.

Jana mchana nilikuwa ndani nakoroga uji. Nikasikia mtu anapiga kelele nyuma ya nyumba, sauti ya mzee Marwa. Nikatoka mbio, nikadhani yale yale yameanza. Alikuwa anapita na mifugo yake kwenda mtoni. Mchunga mifugo wake mpya, kijana wa kutoka mbali ambaye hajui mambo yetu, alikuwa ameshika kamba ya mbuzi mkorofi, amefika kwenye mkuyu, anainama amfunge. Na mzee amesimama mbali kabisa, mbali sana, hajasahau yale maumivu, ameinua fimbo juu:

"Wewe mura! Toka hapo! Huo mti haufungwi mbuzi. Huo ni mti wa Nyangi!"

Kijana akaachia. Mbuzi akaenda zake. Mzee akaniona, nikashusha macho kama inavyonipasa, akakohoa akaendelea na safari, akauzunguka mpaka kwa nje, kwa njia ndefu, mikonge ikiwa kushoto kwake.

Mti wa Nyangi. Hakusema mti wa ukoo, wala mti wa kaka yake. Nilirudi ndani nikakuta uji umeungua, nikaunywa hivyohivyo.

Basi lala, Mama, usigeukie ukuta tena. Shamba lipo, na Mwita atalikuta. Miba nimeizungushia upya chini ya mkuyu. Nami nakuahidi haya: nitachukua nusu, nitachukua kwa aibu, na mtu akija kwangu kwa siri kuomba nimtumie nyuki, hata kama mimi ndiye nitakayefaidika, nitamrudishia zawadi yake.

Mkeo na mwanao,
Ghati